Mkwaju kwenye Treni ya Mpanda

Treni ya Mpanda huachana na reli ya Kigoma pale Kaliua, kisha hubaki na kilometa 210 za miombo peke yake. Mwingereza aliijenga njia hiyo akifuata madini ya risasi ya Uruwira. Mwaka 1994, nilipoipanda mara ya kwanza, ilibeba zaidi mahindi, madumu ya asali na watu wenye maneno mengi. Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa. Mkoa wa Katavi, ilipo leo, ulizaliwa 2012.

Behewa zima lilikuwa likimsema Mkwaju. Mama mmoja, kakaa juu ya gunia lake, alimlaani kama mkwe aliyekimbia deni: pesa zinaishia kwa wanawake wa njiani, watoto nyumbani njaa! Kijana mmoja wa Dodoma akauliza huyo Mkwaju anakaa wapi. Tukacheka mpaka machozi. Mkwaju alikaa redioni, dereva wa malori katika "Twende na Wakati", mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Kijana hakuwa na kosa. Dodoma ilinyimwa mchezo huo makusudi hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Ulitungwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, ugonjwa ambao hatimaye ulimuua Mkwaju. Ila watu, nionavyo mimi, walifuata ugomvi wa ndoa. Somo lilidandia humo humo.

Mwenyeji wangu Mpanda naye alikuwa dereva wa lori, maskini. Jioni tulikula ugali kwa migebuka, redio katikati yetu, betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa zipate nguvu. Tunu, mke wa Mkwaju, alikuwa amechoka kungoja pesa za mume na kuanza biashara yake ndogo. Shemeji, mke wa mwenyeji wangu, akanyoosha mkono, akaongeza sauti.

"Mama watoto, punguza. Unamaliza betri."

"Betri za nani? Hizi zimetoka kwenye vitumbua vyangu."

"Kwani mimi sileti?"

"Unaleta, Mkwaju wangu. Unaleta vumbi."

Mzee alimeza tonge, akanitazama nimtetee. Nilikuwa na mwiba wa samaki wa kushughulikia.

Kesho yake aliniahidi kunifikisha Sitalike, anakopita kwenda Sumbawanga. Shemeji alitusindikiza hadi kwenye lori.

"Baba watoto, huko hifadhini, kando ya Ziwa Katavi, kuna mkwaju anamokaa Katabi, mzimu wa Wabende. Watu humpelekea sadaka. Nawe ukirudi na posho nzima, nitakuchinjia jogoo."

Mzee akawasha gari, uso umemchangamka.

"Na firigisi?"

"Firigisi ya mgeni."

"Mgeni si anaondoka?"

"Basi nitakula mimi."