Kijani cha Jabari Juu ya Paa za Eastlands

Nebula ya Jabari, wingu la gesi lililo umbali wa takriban miaka 1,340 ya nuru katika kundinyota la Jabari, liitwalo pia Orion, hupita karibu na utosi jijini Nairobi. Katikati ya Februari, wakati wa kiangazi, hufika juu kabisa yapata saa mbili na nusu usiku. Ndiyo nebula iliyozoeleka zaidi kwa wenye darubini ndogo Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji hilo.

Enzi za taa za sodiamu, mtazamaji wa Buruburu au Umoja aliitafuta kutoka juu ya ghorofa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Kioo cha sentimita 15 kilimwonyesha ukungu wa kijivu uliozizingira nyota nne zilizobanana. Akikaa gizani nusu saa, kisha akitazama pembeni kidogo badala ya kulikodolea wingu, aliona mengi zaidi: mbawa mbili, ghuba nyeusi katikati, na karibu na zile nyota nne, kijani hafifu. Stima ikipotea mtaa mzima, mbawa zilirefuka.

Kijani hicho si ndoto ya macho. Seli za koni machoni hutambua rangi lakini zahitaji mwanga wa kutosha. Seli za vijiti huhisi nuru hafifu bila rangi, hasa ya mawimbi ya nanomita 500 hivi. Oksijeni ya nebula hung'aa kwenye nanomita 495.9 na 500.7, na kitovu cha Jabari kina mng'ao wa kuziamsha hata koni. Wekundu wa haidrojeni, nanomita 656.3, vijiti karibu haviuoni. Mwanaastronomia William Huggins aliichambua nuru hiyo ya kijani katika nebula nyingine mwaka 1864. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1927 tu, kupitia mwanafizikia Ira Bowen. Kioo kikubwa, tofauti na wengi wanavyodhani, hakilizidishii wingu mng'ao wa uso wake. Hulikuza bila kulififisha sana, na jicho hukitambua kitu hafifu kwa urahisi kikiwa kikubwa.

Miaka ya 2000 nguzo ndefu za taa za mulika mwizi zilianza kusimikwa, kisha taa nyeupe za LED zikaenea. Anayerudi nyumbani usiku anazihitaji, na hilo halina ubishi. Hata hivyo anga ililipa gharama. Kichujio cha oksijeni, kinachowekwa kwenye darubini ili kupitisha kijani cha nebula, kilizuia sehemu kubwa ya nuru ya sodiamu, iliyo hasa ya njano na chungwa. Nuru ya LED imetandaa hadi kwenye kijani kilekile kinachopitishwa na kichujio. Mbawa zilikuwa za kwanza kupotea.

Njia mbili zimejitokeza tangu hapo. Darubini zenye kamera, kama Seestar S50 ya mwaka 2023, hujumlisha picha nyingi fupi hadi wekundu wa haidrojeni utokee kwenye simu, hata Kayole. Picha hiyo ni ya kweli, ila haichukui nafasi ya nuru inayoingia jichoni yenyewe. Kwa ajili ya nuru hiyo, njia ya pili ni kusafiri hadi gizani, upande wa Magadi, ambako kioo cha sentimita 30 huonyesha kijani waziwazi, na wenye macho makali huona pia wekundu hafifu kwenye kingo za mbawa.