Safari ya Makambako na Njombe: Mawe ya Ukumbusho ya Ubena

Mwezi huu twapenda kuwachukua pamoja nasi katika nchi ya Ubena, tangu Makambako hata Njombe, na kutoka Njombe hata Yakobi. Si safari ya kutazama milima tu, ingawa milima ni mizuri. Twataka kusoma habari zilizoandikwa juu ya ardhi ile, maana nchi nayo ni kitabu, na baba na mama wawasomee watoto wao.

Makambako ni mahali pa njia panda. Barabara kuu itokayo Iringa hufika hapo ikagawanyika: moja yaelekea magharibi, Mbeya na mpaka wa Zambia, nyingine yaelekea kusini, Njombe na Songea. Hapo tena yapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina tangu mwaka 1970 hata 1975, nayo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Kipande chake kigumu kuliko vyote ni kile kipandacho kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hata Makambako juu ya nyanda. Wajenzi walitoboa milima na kuunganisha makorongo kwa madaraja marefu. Kwa hiyo mji huu umejaa watu wa kila kabila: Wabena, Wahehe, Wakinga, Wawanji, na wengine waliokuja kwa biashara. Sokoni husikia Kiswahili kwanza, kisha “Kamwene” ya wenyeji.

Njia hii tunayoipita leo kwa gari, wazee waliipita kwa miguu, na wengi wao hawakuipita kwa furaha. Katika siku za Waingereza, vijana wa Njombe waliondoka kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, ili wapate fedha ya kodi. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alihesabiwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha chama cha kuwakusanya wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la Silabu. Mashamba ya nyumbani yakaachiwa mama na watoto. Neno hili la mama kuelemewa na kazi mliweke akilini, maana tutalirudia.

Kutoka Makambako hata Njombe ni kilomita kama 60. Kadiri gari linavyopanda, ndivyo upepo unavyokuwa baridi, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu. Kando ya njia twaona mashamba ya viazi na mahindi, misitu ya misindano, na miwati iliyopandwa na kampuni iliyoanza kazi hapa mwaka 1949 kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi. Siku hizi maparachichi nayo yamepandwa kwa wingi, na kupelekwa ng'ambo. Karibu na mji, maji ya mto Ruhuji huanguka juu ya mwamba, na mpita njia huyaona pasipo kuacha barabara. Mji wenyewe umekaa juu, kama meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tangu mwaka 2012 Njombe umekuwa mkoa wa peke yake, uliomegwa katika mkoa wa Iringa.

Nchi yenye mvua, udongo mzuri na chakula kingi! Mgeni angedhani kwamba njaa haikuijua kamwe. Lakini sivyo.

Si mbali na mji wa Njombe kuna Yakobi. Misheni ya Berlin, iliyofika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, ilipanda milima ikaingia Ukinga na Ubena, na Yakobi palikuwa kimoja cha vituo vyake. Hapo mmisionari Paul Gröschel alikuwa akihubiri na kufundisha pamoja na Wakristo wachache wa kwanza.

Mwaka 1905, mwezi wa Julai, vita vya Maji Maji vilianza katika Umatumbi, karibu na Kilwa. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na viboko, na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, akisema kwamba atakayeyatumia, risasi za Wadachi hazitamdhuru. Kinjikitile alinyongwa mwanzo wa Agosti, lakini neno lake lilikimbia kuliko wajumbe wa serikali. Likafika Mahenge, likafika Ungoni na Upangwa, hata likaingia Ubena. Tarehe 19 Septemba 1905, watu wa Mbeyela, mtawala mkubwa wa Wabena, pamoja na Wapangwa, waliishambulia Yakobi. Waliokuwa ndani walijihami kwa bunduki, na washambuliaji wakarudishwa nyuma. Wengi walianguka wakiamini kwamba risasi zitageuka kuwa maji.

Mara nyingi tumesikia habari hii ikisimuliwa makanisani kwa njia moja tu: kwamba wapagani waliwaendea Wakristo, na Mungu akawaokoa watu wake. Twamshukuru Mungu kwa kila roho iliyookoka. Lakini habari hiyo ni nusu. Katika safari hii kijana mmoja aliyekuwa pamoja nasi alimwuliza mzee wa kule, “Shikamoo, baba. Wale waliokuja kushambulia, walikuwa babu za nani?” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu, “Marahaba, mwanangu. Walikuwa babu zetu. Na wale waliokuwa ndani, nao walikuwa babu zetu.”

Wapenzi, neno hilo ni zito. Mtu wa Ubena akihukumu upande mmoja, ajihukumu mwenyewe. Basi imetupasa kusimulia habari yote.

Kosa la babu waliopigana halikuwa kuchukia dhuluma. Dhuluma ilikuwapo kweli, wala si haki kuwacheka. Kosa lilikuwa kutumainia dawa ambayo haikujaribiwa, na kuwaongoza vijana mbele ya bunduki kwa ahadi isiyo na msingi. Na kosa la wamisionari wa siku zile lilikuwa kukaa karibu mno na serikali, hata watu wa Mbeyela wakaona kwamba nyumba ya Mungu na boma la Wadachi ni kitu kimoja. Mhubiri akishika bunduki ya mtawala, ni vigumu watu kusikia sauti ya Mchungaji Mwema kinywani mwake.

Tena tuone jinsi wenyeji walivyogawanyika. Wabena wa Mbeyela walipigana na Wadachi. Wabena wa bonde la Kilombero, chini ya Kiwanga, waliwasaidia Wadachi. Wahehe walio wengi hawakuingia katika vita upande wa Maji Maji, maana walikuwa wamekwisha kuvunjwa katika vita vya Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, miaka 7 tu kabla yake. Kila mmoja alikumbuka ugomvi wa zamani na jirani yake, na mgeni akatumia kumbukumbu hiyo.

Kisha likaja jambo baya kuliko risasi. Serikali ya gavana von Götzen ilipoona kwamba watu hawakomi, askari walichoma vijiji, wakateketeza ghala, wakachukua mifugo, wakazuia watu wasipande. Njaa ikafanywa kuwa silaha. Hata vita vilipokwisha mwaka 1907, watu waliendelea kufa. Serikali ya Wajerumani ilihesabu watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hata 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa na maradhi. Mashamba yakageuka msitu, na wanyama wa porini wakakaa palipokuwa na vijiji.

Je, watu walijifunza? Naam, wengine walijifunza. Watawala wenyewe waliyafuta yale mashamba ya pamba ya lazima. Na wazalendo wa Tanganyika walijifunza zaidi. Mwaka 1956 Julius Nyerere aliposema mbele ya Umoja wa Mataifa, aliwataja watu wa Maji Maji, akieleza kwamba walipigana kwa kuwa hawakukubali mgeni ana haki ya kuwatawala. Lakini yeye na wenzake hawakurudia njia ya zamani. Waliuchukua umoja wa makabila, ambao ndio uliokuwa wema wa Maji Maji, wakaiacha dawa na mkuki. Waliwaunganisha watu kwa lugha moja na chama kimoja, na mwaka 1961 uhuru ukapatikana pasipo vita. Huko ndiko kujifunza: kupepeta, kuweka punje na kutupa makapi.

Na upande wa pili nao umesema neno. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali walipozikwa wale walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa ajili ya yale ambayo Wajerumani waliwatenda watu wa nchi hii. Miaka mia na zaidi ilipita kabla ya neno hilo kusemwa. Kukiri hakufufui wafu, lakini pasipo kukiri hakuna mwanzo mpya kati ya mtu na mtu, wala kati ya taifa na taifa.

Basi sasa turudi Njombe ya leo, tujiulize kama sisi nasi tumejifunza.

Neno la kwanza ni dawa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nchi nzima ilitetemeka kwa habari za watoto wadogo waliouawa Njombe, wengine wakikatwa viungo, na serikali ikasema kwamba mauaji hayo yalihusiana na ushirikina wa kutafuta mali. Tazameni jinsi kosa la kale linavyovaa nguo mpya. Zamani watu waliahidiwa kwamba maji yatashinda risasi. Leo mtu aahidiwa kwamba damu ya mtoto itajaza duka lake. Wale wa kale wana udhuru: walikuwa wameonewa, nao walihatarisha maisha yao wenyewe kwa ajili ya nchi. Huyu wa leo ahatarisha maisha ya mtoto asiye na kosa, kwa ajili ya tumbo lake. Mkristo asiseme, “Jambo hili halinihusu.” Kila amwendeaye mganga wa utajiri, hata kwa jambo dogo, alisha mti uleule unaozaa tunda hilo. Mali ya Njombe hutoka katika jembe, na mtu aliyelima anajua hesabu yake.

Neno la pili ni njaa. Mwaka 1905 ghala zilichomwa na adui. Leo ghala za Njombe zimejaa, na malori ya viazi hupita Makambako mchana na usiku. Hata hivyo, uchunguzi wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka 5, zaidi ya 53 walikuwa wamedumaa. Na uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kama 50. Udumavu si ufupi tu. Hupunguza nguvu ya mwili na ya akili, na mtoto hubaki nyuma shuleni. Ni nani aliyechoma ghala safari hii? Hakuna adui. Mayai huuzwa, maziwa huuzwa, maharagwe huuzwa, na mtoto hupewa uji mwepesi au viazi vitupu. Mama aondoka alfajiri kwenda shamba, arudi jioni amechoka, na mtoto amekula mara moja au mara mbili. Kumbukeni tulivyosema habari za manamba: tangu siku zile mama ameachiwa mzigo wote, na mazoea hayo hayakwisha baba aliporudi.

Basi, enyi akina baba, hapa ndipo tunapoweza kuitengeneza kesho. Kabla ya kuuza, tengeni fungu la watoto: mayai, maharagwe, maziwa, matunda. Maparachichi yanayopelekwa ng'ambo, mtoto wako naye na aonje. Mpunguzie mama kuni na maji wakati wa kunyonyesha, wala usione haya. Yusufu katika Misri aliweka akiba miaka ya shibe, ndipo watu wakaishi. Asingaliweka, ndoto ya Farao isingalimfaa mtu.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru watwae mawe 12 na kuyasimamisha Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawajibu. Mawe hayakuwa ya kuabudiwa. Yalikuwa ya kuulizwa. Yakobi ni jiwe letu. Makaburi ya Songea ni jiwe letu. Reli ya Makambako nayo ni jiwe letu, maana yatuonyesha kwamba milima iliyowashinda wengi hutobolewa na watu wafanyao kazi pamoja kwa subira.

Wahenga walisema, kutenda kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa. Jioni moja mwezi huu, baada ya sala ya nyumbani, wakalisheni watoto, mwasimulie habari za Yakobi, pande zote mbili, za ndani na za nje. Wakiuliza, msiwanyamazishe. Na asubuhi yake, kabla gunia halijafungwa kwenda sokoni, litazameni sahani la mtoto kwanza. Bwana, aliyetuletea nuru katika milima hii, atupe macho ya kuyaona ya nyuma, na mikono ya kuyatenda ya mbele.