Kiazi cha Mwakani

Sisi wa Ilemba, huku bondeni, tumezoea kuinua macho na kutazama ukingo wa nyanda za Ufipa. Huko juu ndiko hutoka maharage na ulezi. Ndiko pia watu huchimba viazi vya okidi, maua ya mwituni, ili viuzwe Zambia.

Tunduma wanaviita kinaka. Wazambia wanasema chikanda. Huvikausha, wakavitwanga, wakachanganya na karanga zilizosagwa na magadi, kisha wakapika mpaka vikashikana kama mkate wa nyama. Kinachoshikanisha ni glukomanani, mnyororo mrefu wa sukari ambao hunyonya maji na kuvimba. Waturuki nao hutia maziwa uzito kwa unga wa viazi vya jamaa wa okidi hizo.

Siku hizi minyororo ya namna hii, itokayo kwenye mizizi ya dawa, inasifiwa maabara kwamba huzuia uoksidishaji, yaani ile kutu ya mwilini. Sizibezi habari hizo. Lakini chupa ya maabara si tumbo la mtu, na mzee akiniuliza kama aache vidonge vya presha kwa ajili ya mzizi, jibu langu ni hapana.

Mimi nataka tukitazame kiazi chenyewe. Ukifukua okidi hizi, mara nyingi utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kwa kuwa kinalisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, nacho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji huchukua hicho cha pili. (Nani angenunua kilichosinyaa?) Mbegu nazo ni vumbi tupu, hazina chakula ndani, wala hazichipui bila kukutana na kuvu wa udongoni.

Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba viazi vinavyotoka nyanda za juu kusini kila mwaka vinahesabika kwa mamilioni. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa. Ni jambo jema, ila Kitulo iko Njombe na Mbeya, si kwetu.

Nilimwuliza mama mmoja mchimbaji kwa nini asikiache kile kigumu.

"Mzee wangu," akasema, "nikikiacha mimi, anayekuja nyuma yangu atakiacha?"

Akajitwika debe lake. Bei ya debe aliijua yeye, na bei ya sare za watoto aliijua yeye.