Hatua elfu kumi, nani kasema?

Wadau, mwenzenu niko kwenye kupunguza mwili, mwezi wa tatu sasa, na kila mtu ananiambia lazima hatua 10,000 kwa siku. Hivi mnajua hiyo namba ilitokea wapi? Japani, mwaka 1965. Kampuni ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni kikaitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la biashara tu jamani!

Mimi nilianzia 4,000, maana ndo simu ilikuwa inaonyesha siku za kawaida. Kila wiki naongeza 500. Nashuka daladala kituo kimoja kabla ya kwetu, namalizia kwa mguu. (Daladala ikipita kwenye mashimo nayo simu wakati mwingine inahesabu. Hizo nazitoa.) Mama ana sukari, bibi alikuwa nayo, kwa hiyo hapa siongelei gauni la sendoff. Kilo 4 zimetoka.

Kuna dada mtaani kwetu anapiga elfu 12 kila jioni, akirudi anapitia chipsi mayai. Mzani wake uko palepale, analaumu simu. Nyie zenu zinasema ngapi leo?