Mwaka Tulioulizwa Kuhusu Bunge

Mwanzoni mwa 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, ikataka wananchi wayajadili. Yalikuwa mambo matano: madaraka ya Rais, madaraka ya Bunge, uwakilishi ndani ya Bunge, Muungano, na madaraka ya wananchi. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Ng'ambo, Msumbiji ilikuwa vitani. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, katibu wa tawi alinipa kazi ya kuandika maoni.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Sukari na sabuni hazikuonekana dukani. Mikorosho ilikuwa imemezwa na pori tangu watu walipohamishiwa vijiji vipya. Nchi iliyovuna takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 sasa ilivuna sehemu ndogo tu ya hizo. Vyama vyetu vya ushirika vilivunjwa 1976, mkulima hakuulizwa. Kisha Machi 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Kwetu mpakani, watu walitupa vitenge vya magendo mikokoni usiku kwa hofu. Bunge lilipopitisha sheria ya kuwashughulikia waliokamatwa, wenyewe walikuwa tayari wamo ndani, na sheria ikarudi nyuma ili iwafunike.

Basi tulipofika kwenye madaraka ya Bunge, hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu. Mzee mmoja, mvuvi, alisimama akaniambia: "Mwalimu, andika. Mkuu wa mkoa ni serikali. Na bungeni yumo, kwa cheo chake. Serikali ikikosea, atajihoji mwenyewe?" Alisema kweli. Wakuu wa mikoa wote walikuwa wabunge, na waliochaguliwa majimboni walizidiwa idadi na walioingia kwa njia nyingine. Karani mstaafu wa bandari akatukumbusha mwaka 1973, Bunge lilipoukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere alitishia kulivunja, na muswada ukapita. Ukumbi ulinyamaza, maana Mwalimu tulimpenda, na bado nampenda; lakini jambo lile lilipaswa kusemwa, na lilisemwa.

Lililonikaa zaidi ni la bibi mmoja aliyeketi mkekani nyuma. "Mwanangu, mbunge wetu akienda huko anakwenda na nini mkononi? Waziri ana makaratasi yake. Wetu ana nini?" Niliyaandika maneno yake kama alivyoyatamka. Kati ya yote niliyoandika mwaka ule, hayo ndiyo yaliyogusa kiini.

Mabadiliko yalikuja 1984. Haki za binadamu ziliingia katika Katiba, urais ukawekewa vipindi viwili vya miaka mitano, viti vya majimbo vikaongezwa. Wakuu wa mikoa walibaki bungeni; ni Bunge la vyama vingi la 1995 lililoanza bila wao. Yule mvuvi hakuwahi kuliona.

Swali la bibi halikupata jibu, na sisi wa mkoa wa Mtwara tulilipia. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982, mwaka mmoja tu kabla ya mikutano yetu. Ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam ulizinduliwa Novemba 2012, na tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, mji wetu uliwaka moto. Watu walikufa, wanajeshi wakaingia mitaani, Bunge likaahirishwa. Nilikuwa nimestaafu, naishi mjini, na niliumia sana, kwa sababu ugomvi ule wa bomba ulifika bungeni mambo yameshaamuliwa. Mwaka uliofuata Kamati ya Hesabu za Serikali ilidai mikataba ya gesi na ikanyimwa.

Sheria ya 2017 imelipa Bunge mamlaka ya kupitia mikataba ya rasilimali na kutaka masharti mabaya yajadiliwe upya. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mkataba wa gesi husomwa na mwanasheria, mhasibu na mhandisi, wakae nao kwa wiki kadhaa. Kamati za Bunge zipewe wataalamu wao wenyewe, wanaolipwa na Bunge na kuwajibika kwake, wasiwe wa kuazimwa kutoka wizara ileile inayohojiwa.