Doti Moja kwa Watu Wawili

Ukitaka kuona watu wakisoma Kiswahili kwa makini, usiende maktaba. Nenda Biashara Street, Mombasa, saa nne asubuhi hivi, usimame nje ya duka lolote la leso. Akina mama hawaanzi na kitambaa. Wanainamisha shingo, wanasoma. Mmoja akisoma kwa sauti, mwenzake anacheka au anaguna, na ndipo rangi na bei zinaanza kuzungumzwa.

Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Wenzetu wa Tanzania wanaita kanga. Neno letu la leso lina asili ya Kireno, tangu enzi ambazo wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya mkononi na kuviunga pamoja wapate nguo moja pana. Majina yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia sasa. Husemwa kwamba aliyeyaeneza ni Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, aliyeanza biashara Mombasa mwaka wa 1887. Hadi leo leso zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", na duka liko hapo hapo Biashara Street.

Kwetu Voi leso zinauzwa pia. Lakini shughuli ikiwa nzito, watu bado wanashuka Mombasa, maana kule majina ni mengi. Na shughuli yetu ilikuwa nzito. Tangu babu afariki, mama na wifi yake, yaani shangazi yangu, hawaongei. Ni shamba, kule juu upande wa Wundanyi. Shangazi anasema yeye ni mtoto wa mzee kama watoto wengine, na sheria iko upande wake. Mama anasema amelima pale miaka yote ambayo shangazi alikuwa kwake. Baba yuko kazini Nairobi na hatii neno. Desemba watu wanakuja kuleta mahari ya dada, na hao wawili lazima wakae mkeka mmoja.

Bibi akanipa pesa ya doti moja na nauli. "Wote wawili wavae leso moja," akasema. "Na usiniletee matusi."

SGR ingenifikisha Miritini, ambako bado ni bara, halafu nitafute gari lingine. Nikapanda matatu: Maungu, Mackinnon Road, Mariakani, foleni ya malori, kisha Makupa. Hapo ndipo unapokumbuka kwamba Mombasa ni kisiwa, kwa sababu maji yanaonekana kidogo pembeni halafu mji unakumeza. Nikashuka Mwembe Tayari, nikatembea hadi Digo Road, nikaingia Biashara Street.

Mtaa wenyewe si mpana. Mkokoteni ukipita, kila mtu anajibanza ukutani. Muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, mabuibui yananing'inia milangoni, mafundi wamekaa barazani na cherehani, wanakunja pindo za leso zilizonunuliwa dakika tano zilizopita. Ndani, doti zimepangwa hadi juu kwenye dari.

"Karibu kaka," kijana wa dukani akaniambia. "Ya harusi, ya msiba, ama ya kujibu mtu?"

Kumbe kuna rafu ya kujibu watu. Nikamweleza hali. Akaanza kushusha.

*Hasidi hana sababu.* Hiyo tukairudisha haraka. *Wema hauozi.* Nilidhani tumepata, hadi mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akichagua zake kando yangu akatikisa kichwa. "Mwanangu, usisome kama wewe," akasema. "Soma kama mtu aliyekasirika."

Nikasoma tena. Kweli. Mama angeona anaambiwa amesahau wema wa babu. Shangazi angeona anadaiwa fadhila. *Mungu ni mwema* ilikuwa salama, lakini bibi angesema nimekula nauli yake bure.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ikiwa ndiyo stori nzima, na tangu hapo ninaishi kwa kuandika. Maneno 500 kuhusu magodoro, maneno 300 kuhusu bima. Mteja huuliza nimemaliza lini na ni maneno mangapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza msomaji atakuwa katika hali gani. Pale dukani nilikaa karibu saa nzima juu ya sentensi ya maneno matatu au manne, na hakuna aliyeniona kituko. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Mwishowe kijana akashusha moja ya rangi ya zambarau: *Undugu ni kufaana, si kufanana.* Nikaisoma kama mama aliyekasirika. Inachoma. Nikaisoma kama shangazi. Inachoma vile vile.

"Hiyo sasa," yule mama akasema. "Hakuna atakayesema mwenzake amependelewa."

Leso huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana vikiwa vimeungana. Fundi wa barazani akaikata katikati, akakunja pindo, akanirudishia vipande viwili.

Nilipita kwa shangazi kwanza. Akapokea, akasoma, akasema asante, akaniwekea chai. Basi.

Mama alikuwa jikoni nilipofika. Akafuta mikono, akaitandaza mezani, akasoma kimya, kisha kwa sauti.

"Na pea yake?"

"Iko kwa shangazi."

Akanyamaza kidogo. Akapitisha kidole kwenye pindo, akikagua mshono.

"Na ile yake imeshonwa vizuri hivi?"

Nikamwambia ni fundi mmoja. Akaikunja, akaiweka kabatini pamoja na zile za sherehe. Desemba bado haijafika, na shamba bado halijapimwa.