Michezo ya Wakulima Katika Nchi ya Mito Mitano

Punjab maana yake ni nchi ya maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Ni nchi tambarare yenye rutuba, na wakazi wake wamesifika kwa kilimo cha ngano. Lakini ndiyo njia waliyopita wavamizi wengi waliotoka milima ya kaskazini-magharibi kuelekea Delhi. Kwa sababu hiyo mkulima wa huko alihitaji mwili wa kazi mbili: kulima, na kukilinda alichokilima. Ndugu msomaji, michezo ya kienyeji ya Punjab ilikuzwa na kazi hizo mbili.

Mwaka 1947 nchi hiyo iligawanywa baina ya India na Pakistan, na mamilioni ya watu wakayahama makwao. Michezo, hata hivyo, haikugawanyika. Kabadi na mieleka huchezwa pande zote mbili za mpaka, na mashabiki hushangilia kwa lugha ile ile.

Kabadi ya Punjab huchezwa ndani ya duara lenye upana wa mita 22, lililokatwa kati kwa mstari. Mchezaji mmoja huvuka peke yake kuingia upande wa wapinzani. Hana budi kumgusa mmoja wao, kisha arejee kwao katika muda wa sekunde 30. Yule aliyeguswa ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kumkamata. Wenziwe husimama wakatazama. Hakuna mpira, hakuna fimbo, wala hakuna viatu. Askari atautambua upesi mchezo huu: kuingia kwa adui, kupiga, na kurudi salama.

Mieleka nayo hupiganwa juu ya udongo uliolimwa na kulainishwa, ambao aghalabu huchanganywa na mafuta, manjano na mtindi. Mpiganaji huamka alfajiri, huinama na kuchuchumaa mara mamia, huzungusha marungu mazito, na chakula chake kikuu ni maziwa, samli na lozi. Katika udongo wa namna hiyo alilelewa Gama, aliyezaliwa mwaka 1878. Mwaka 1910 alikwenda London akapambana na Stanislaus Zbyszko, bingwa kutoka Poland. Zbyszko alilala kifudifudi kwa zaidi ya saa mbili ili asibinuliwe, na siku ya marudiano hakutokea. Walikutana tena Patiala mwaka 1928. Safari hii Gama alimwangusha kabla dakika moja haijatimia. Baada ya mgawanyiko Gama aliishi Pakistan, akafariki Lahore mwaka 1960.

Masingasinga wana gatka, mchezo wa kupigana kwa fimbo iliyochukua mahali pa upanga, na ngao ndogo katika mkono wa pili. Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Machi, maelfu hukusanyika Anandpur Sahib kutazama mapigano ya maonyesho na mbio za farasi.

Wanawake na watoto hawakusahauliwa. Katika kikli, wasichana wawili hushikana mikono kimsalaba, huegemea nyuma na kuzunguka kwa kasi huku wakiimba. Katika kotla chapaki, watoto huketi duara, na mmoja hupita nyuma yao na kitambaa kilichosokotwa. Hukidondosha kimya kimya nyuma ya mwenziwe, na asiyetanabahi hupata mapigo. Mtoto wa kwetu angeuelewa tangu mzunguko wa kwanza.

Atakaye kuona mengi ya hayo mahali pamoja na afike Kila Raipur, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Ludhiana. Mashindano ya kijiji hicho yalianza mwaka 1933, nayo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Februari. Wazee wenye ndevu nyeupe hushindana mbio, vijana huvutana kwa kamba, na wengine huvuta magari kwa meno.

Fahari ya Kila Raipur ilikuwa mbio za magari ya maksai. Lakini tarehe 7 Mei 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilizipiga marufuku, baada ya watetezi wa wanyama kulalamika juu ya mateso wanayopata. Wanakijiji walihuzunika, kwani maksai wa mbio alilishwa na kutunzwa kama mtoto wa nyumba. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilizikubali sheria za majimbo ya Tamil Nadu, Maharashtra na Karnataka zinazoruhusu michezo ya namna hiyo kwa masharti. Ugomvi huo una haki pande zote mbili: mila ni mali ya watu, lakini maumivu ni ya mnyama asiyeweza kukataa kukimbia.

Kabadi nayo ilipata doa. Serikali ya jimbo ilianzisha Kombe la Dunia la kabadi ya duara mwaka 2010, lenye zawadi kubwa za fedha. Katika mashindano ya mwaka 2011 wachezaji wengi walipatikana na dawa za kuongeza nguvu. Mchezo usiohitaji hata viatu ulikuwa umeingiliwa na sindano.

Watu wa Punjab si wageni kwetu. Wengi wao walikuwa miongoni mwa vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Na mwaka 2016 timu ya Kenya ilishiriki Kombe la Dunia la kabadi ya uwanja wa mstatili huko Ahmedabad, India.

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini asili hulindwa kwa kusafishwa pia. Kambini au kijijini, uwanja wa udongo na duara la chokaa vyatosha kumjenga kijana, mradi nguvu zake ziwe zake mwenyewe, na zisipatikane kwa kumtesa kiumbe mwingine.